Chakula na Hewa Vikutane

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye bonanza la klabu yetu ya jogging hapa Temeke, baada ya mbio za asubuhi. Baadhi yenu mlikuwa zamu, wengine msibani, mkaomba maandishi. Nimeiandika kama nilivyoizungumza. Michoro niliyobandika ukutani nimeiacha.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu shikamooni. Mama zangu, baba zangu, wana-jogging wenzangu, tumsifu Yesu Kristo, asalaam aleikum. Na vijana mliojificha kule nyuma, mambo vipi?

Kabla sijasema lolote, kila mtu aweke vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Usibonyeze sana. Umeyapata mapigo? Haya, hesabuni mpaka niseme basi.

Basi. Hizo ni sekunde 15, zidisheni kwa nne. Huku nasikia 112, huku 120, mzee wetu hapa mbele 96. Mngekuwa hamjakimbia, wengi wenu mngekuwa kati ya 60 na 80. Sasa niwaulize. Mmekaa chini kwa muda, miguu imetulia, hakuna anayekimbia. Moyo unamkimbilia nani?

Unaikimbilia misuli ambayo bado inadai. Kuna kazi imefanyika mle ndani kwa mkopo, na mkopo unalipwa mkiwa mmekaa hapa. Nimekuja kuzungumzia deni hilo: nani anakopa, nani analipa, na nani anabeba mzigo kati yao.

Tuanze na swali jepesi. Nguvu inatoka wapi?

Nimesikia "ugali". Nimesikia "hewa". Mama huyu amesema "kwa Mungu", naye hajakosea. Lakini hebu tuuangalie ugali wenyewe. Uuache mezani kutwa nzima, hautainua hata kijiko. Na hewa? Imejaa uwanja huu wote, na mpira ule pale haujasogea. Kila kimoja kikiwa peke yake hakikupeleki popote. Lazima vikutane. Vikutane wapi? Tumboni? Hapana. Kwenye mapafu? Hapana. Vikutane ndani ya seli, kila seli kwa nafasi yake, na mwili wa mtu mzima una seli zaidi ya trilioni 30. Nikiwauliza tena leo "vikutane wapi", nijibuni kwa sauti: ndani ya seli!

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wanafunzi wangu wa baiolojia huanza kusinzia. Seli haifanyi kazi kwa ugali, wala kwa glukosi, ile sukari inayotokana na ugali. Inafanya kazi kwa kitu kinachoitwa ATP. Mnamjua konda wa daladala saa kumi na mbili asubuhi. Mpe noti ya elfu kumi uone. Noti ni halali, ina thamani, lakini utashushwa njiani kwa sababu haijachenjiwa. Glukosi ni ile noti. ATP ni chenji. Msuli ukitaka kujikunja unadai chenji, neva ikitaka kupeleka ujumbe inadai chenji, figo ikitaka kuchuja damu inadai chenji.

Molekuli moja ya glukosi ikichenjiwa kwa oksijeni, ndani ya vijumba vidogo vya seli vinavyoitwa mitokondria, inatoa ATP kama 30. Ikichenjiwa haraka haraka bila oksijeni inatoa 2. Narudia: 30 kwa 2! Ndiyo maana ukikimbia kasi kuliko pumzi zako, miguu inakuwa mizito upesi.

Na ATP haiwekwi akiba. Iliyomo kwenye msuli, ukitoka mbio kwa nguvu zote, ingekwisha kwa sekunde chache tu kama isingetengenezwa nyingine. Inavunjwa, inaundwa upya, inavunjwa tena. Kwa siku moja, ATP ambayo mwili wako unaiunda na kuivunja ina uzito unaokaribia uzito wako mwenyewe. Hata ukishinda umelala!

Kwa hiyo kila seli inataka vitu viwili muda wote, chakula na oksijeni, na inataka takataka ziondolewe. Lakini seli ya kidole cha mguu haina mdomo. Haina pua. Itavipataje?

Niwapeleke mbali kidogo. Mwaka 1822, kwenye kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana kibarua wa biashara ya manyoya aitwaye Alexis St. Martin alipigwa risasi ya bahati mbaya, tena kwa karibu sana. Risasi ikafungua tumbo. Daktari wa jeshi, William Beaumont, akamtibu bila matumaini makubwa. Kijana akapona, lakini tundu halikuziba. Ukingo wake ukaungana na ngozi, akabaki na mlango mdogo wa kuingia moja kwa moja kwenye mfuko wa tumbo.

Beaumont akaona hapa kuna dirisha ambalo hakuna daktari aliyewahi kulipata. Akafunga kipande cha nyama kwenye uzi wa hariri, akakitumbukiza tunduni, akakivuta baada ya saa kadhaa kuona kimeyeyuka kiasi gani. Akachota maji ya tumbo, akayaweka kwenye chupa yenye joto kama la mwili pamoja na nyama, na nyama ikayeyuka mle chupani. Akajua kuwa kazi ile ni ya kikemia, wala haitegemei tumbo kusaga peke yake. Akaona jambo jingine pia: St. Martin akikasirika, umeng'enyaji unavurugika. (Na kijana alikuwa na haki ya kukasirika, mimi nadhani. Nani angependa kuvutwa nyama tumboni kwa uzi kila mara?) Beaumont alichapisha matokeo yake mwaka 1833. St. Martin alimzidi daktari wake umri wa kuishi. Alifariki mwaka 1880.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu ya ile hasira. Hasira iko kichwani, nyama iko tumboni, lakini kichwa kikachafuka na tumbo likasita. Mfumo wa fahamu uliingia kwenye kazi ya mfumo wa chakula bila kubisha hodi. Kwenye vitabu vya shule tunafundisha mifumo sura kwa sura, leo chakula, wiki ijayo upumuaji, mwezi ujao damu, kana kwamba mwili nao una ratiba ya vipindi. Mwili hauna vipindi.

Chakula kikishayeyuka kinafika utumbo mwembamba. Ukuta wake umejaa vinyuzi vidogo mno, na ndani ya kila kimoja mna mishipa membamba ya damu. Wanga umeshakuwa glukosi, inapenya ukuta, inaingia damuni. Hapo mfumo wa chakula umekabidhi mzigo kwa mfumo wa damu. Je, damu inaupeleka moja kwa moja mguuni? Hapana. Unapita kwanza kwenye ini. Ini linaweka sehemu ya glukosi kama akiba iitwayo glaikojeni, kwa mtu mzima aliyekula kama gramu 100, ili usiku ukiwa umelala na hujala, ubongo usikose. Ubongo wako ni asilimia 2 tu ya uzito wako, lakini unatumia kama asilimia 20 ya nishati yote unapopumzika. Huo haujui Ramadhani wala Kwaresima. Ini ndilo linaulisha mpaka futari.

Hapa niseme kuhusu supu. Najua wapo wanaotaka tuibadilishe ratiba, supu na chapati kwanza, mbio baadaye. Ukishashiba, damu nyingi inaelekea tumboni kubeba chakula. Ukianza kukimbia, misuli inaidai damu hiyohiyo. Lita ni 5 tu mwilini mwote, na tumbo na misuli haviwezi vyote kupata vinachotaka. Ule mchomo wa tumbo na kichefuchefu mnachokisikia ni sehemu ya ugomvi huo. Supu ibaki baada ya mbio, mwenyekiti, tafadhali.

Tuingie kwenye hewa. Wangapi hapa wanamjua John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathoni? Mikono juu. Vizuri, wazee wote. Vijana wachache.

Mwaka 1968 Olimpiki ilifanyika Jiji la Mexico, kama mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kule ina asilimia 21 ya oksijeni kama hii ya Temeke. Asilimia ni ileile. Ila mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu kwa karibu robo. Nini kilitokea? Wakimbiaji wa mbio fupi walivunja rekodi. Jim Hines alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.95, na Bob Beamon akaruka mita 8.90. Hewa nyepesi inazuia mwili kidogo, na kazi ya sekunde 10 haisubiri oksijeni. Inatumia chenji iliyopo mfukoni pamoja na ile ya haraka haraka.

Lakini mita 10,000? Naftali Temu wa Kenya alishinda kwa dakika 29 na sekunde 27, karibu dakika mbili nyuma ya rekodi ya dunia ya wakati ule. Mwenye rekodi hiyo alikuwa Ron Clarke wa Australia, naye alikuwemo. Alimaliza wa sita, akaanguka, akapoteza fahamu, akawekewa oksijeni. Moyo ulikuwepo. Misuli ilikuwepo. Chakula kilikuwepo. Kilichopungua ni mwenzake chakula. Vikutane wapi?

(Ndani ya seli!)

Havikukutana vya kutosha.

Ndani ya mapafu yenu mna vifuko vya hewa zaidi ya milioni 300. Mkivitandaza, vitafunika karibu nusu ya kiwanja cha voliboli. Kuta zake ni nyembamba kiasi kwamba oksijeni inavuka hadi damuni kwa kupenya tu. Huko inashikwa na himoglobini, ile protini inayoipa damu wekundu wake, kila molekuli ikibeba oksijeni nne. Moyo unasukuma. Ukiwa umepumzika unasukuma kama lita 5 kwa dakika. Ukikimbia kwa bidii, mtu wa kawaida mwenye afya anafika 20, na wanariadha wakubwa wanapita 30. Wakati huohuo mishipa ya utumbo na figo inabanwa, ya misuli inafunguliwa. Misuli inayopata kama sehemu moja kwa tano ya damu ukiwa umekaa, inaweza kuchukua zaidi ya asilimia 80 ukikimbia kwa nguvu.

Na jambo ninalolipenda kuliko yote katika somo hili ni hili. Damu inajuaje ishushe oksijeni mguuni na si sikioni? Mwaka 1904 Christian Bohr wa Denmark na wenzake walionyesha kuwa hewa ukaa inaifanya himoglobini iachie oksijeni. Seli inayofanya kazi sana inatoa hewa ukaa nyingi, inatoa joto, inatoa tindikali. Damu ikipita hapo, inaachia mzigo. Yaani uchafu wa seli ndio unaoiombea seli oksijeni! Sehemu isiyofanya kazi haiombi, basi haipewi sana. Na hewa ukaa hiyohiyo ikifika shingoni na kichwani, shina la ubongo linaisoma na kuamuru kifua kipumue haraka. Mnapohema pale mlimani mnadhani mnatafuta oksijeni. Zaidi mnaamrishwa na hewa ukaa.

Sasa turudi kwa Akhwari. Alikuwa kwenye marathoni. Njiani misuli ilimkaza, kisha wakimbiaji wakasukumana, akaanguka na kuumia vibaya goti na bega. Walianza watu 75, wakamaliza 57. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, giza limeanza, mguu umefungwa bandeji, uwanja umebaki na watu wachache. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake ilimtuma kule akamalize mbio. Jibu hilo kila Mtanzania analijua.

Mimi nataka kuuliza swali la mwalimu wa baiolojia. Saa ile ya nne tangu mbio zianze, mwili wake ulikuwa unachoma nini?

Misuli ya mtu aliyekula vizuri ina glaikojeni kama gramu 400, na ini lina zile gramu 100. Kwa mwendo wa mashindano, akiba hiyo inaelekea ukingoni karibu na kilomita ya 30. Wakimbiaji wanauita ukuta. Baada ya hapo mwili unategemea zaidi mafuta, na hata mtu mwembamba ana mafuta ya kumfikisha mbali sana. Tatizo si wingi. Tatizo ni kwamba mafuta yanachomwa polepole, na kila ATP inayotokana nayo inadai oksijeni zaidi kidogo kuliko ile ya glukosi. Homoni iitwayo adrenalini inayaamuru yatoke yalikohifadhiwa, damu inayabeba, misuli inayapokea. Ubongo haupokei mafuta hayo, kwa hiyo ini linahangaika kutengeneza glukosi mpya kutokana na mabaki, likiwemo asidi ya laktiki iliyotoka kwenye misuli yenyewe. Fikirieni: mapafu, moyo, damu, tezi, ini, mafuta ya chini ya ngozi, vyote vinamsaidia mtu mmoja anayechechemea, katika jiji ambalo hewa yake ina oksijeni pungufu kwa robo. Ini la shujaa huyu nalo lilistahili medali yake.

Ukikaa kwenye mwinuko kwa wiki kadhaa, figo zinagundua oksijeni imepungua, zinatoa homoni iitwayo erithropoietini, na uboho wa mifupa unaongeza seli nyekundu. Ndiyo maana wanariadha wanakwenda kuishi Iten, kule Kenya, mita kama 2,400. Figo na mifupa, ambavyo nyie mlidhani havihusiki na pumzi, ndivyo vinavyoongeza pumzi.

Tumekwenda vizuri mpaka hapa? Basi niwaonyeshe mnyororo huu unavyokatika.

Niliwahi kufundisha Njombe. Juni na Julai kule ni baridi ya kuuma mifupa. Usiku mmoja walimu wawili wa nyumba ya jirani waliingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakaziba hata upenyo wa chini kwa kanga. Mkaa ulikuwa umeshika vizuri, hauna moshi, mwekundu wa kupendeza. Mmoja aliamka usiku kwenda msalani, akaanguka mlangoni, na kuanguka kwake ndiko kulikoufungua mlango. Tulimkuta anatapika, kichwa kinampasuka, hajui siku. Mwenzake ilibidi tumbebe nje kwenye blanketi. Wote walipona. Wengi hawaponi, kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia nzima.

Kilichowapata ni nini? Chumba kilikuwa na hewa. Walipumua usiku kucha. Mapafu yalifanya kazi, moyo ulifanya kazi. Lakini mkaa unaoungua kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Himoglobini inaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Siti zote zimekaliwa. Damu inazunguka, inazunguka, inafika kwenye ubongo mikono mitupu. Na kwa kuwa hewa ukaa inatoka kama kawaida, ile amri ya kuhema haiji. Mtu haoni kama anakosa pumzi. Anasikia usingizi tu. Jamani, jiko linatoka nje kabla ya kulala. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi.

Mnyororo unaweza kukatika hata mbele zaidi, mlangoni kabisa mwa ile chenji. Wenzetu wa Mtwara na Lindi wanaujua muhogo mchungu. Hakuna mama wa kule anayeuchemsha na kuula hivihivi. Unamenywa, unalowekwa au kuvundikwa, unaanikwa, ndipo unakuwa makopa. Anafukuza sumu, na sumu yenyewe ni sianidi. Sianidi nyingi ikiingia mwilini inakwenda kwenye mitokondria na kuzuia hatua ya mwisho, pale oksijeni inapotumika. Chakula kimefika. Oksijeni imefika. Vimekutana ndani ya seli, na seli haiwezi kuvitumia! Damu inarudi moyoni ikiwa bado nyekundu ang'avu, imebeba oksijeni ambayo hakuna aliyeichukua. Bibi zetu hawakuwahi kusikia neno mitokondria, lakini walikuwa wanazilinda kwa maji na jua.

Nimebakiza moja, na hii inawahusu wengi hapa kuliko sianidi.

Toronto, Kanada, Desemba 1921. Mtoto wa miaka 14, Leonard Thompson, analetwa hospitali na baba yake. Ana kilo kama 29. Ana kisukari. Enzi zile mtoto mwenye kisukari cha aina ile alipewa tiba moja, kunyimwa chakula, ili afe polepole badala ya haraka. Hebu fikiri wewe ni mzazi. Mtoto anakonda, analia njaa, na daktari anakwambia usimpe.

Na ajabu ni kwamba damu ya mtoto yule ilikuwa imejaa glukosi. Imejaa mpaka figo zinashindwa kuizuia, inamwagikia kwenye mkojo, inavuta maji kutoka nayo, mtoto anakojoa usiku kucha na kiu haiishi. Glukosi inapita mbele ya msuli, nje tu ya utando wa seli, haiingii. Kwa nini? Kwa sababu seli za misuli na za mafuta hazichukui glukosi nyingi zikiwa zimetulia mpaka ziamriwe. Anayeamuru ni insulini, inayotoka kwenye kongosho, kiungo kilicholala nyuma ya tumbo. Insulini ikigusa seli, protini za kupitishia glukosi zilizokuwa zimehifadhiwa ndani zinapandishwa juu, kwenye utando wa seli, na glukosi inaingia. Kongosho la Leonard halikuwa na insulini. Mwili wake ukaamua kwamba kuna njaa. Ini likaanza kutengeneza glukosi nyingine, wakati imejaa tele! Mafuta yakavunjwa ovyo, damu ikawa na tindikali, mtoto akawa anahema kwa kina, pumzi yake ina harufu kama ya matunda. Mapafu yanajaribu kurekebisha kosa la kongosho.

Frederick Banting na Charles Best, katika maabara ya John Macleod, walikuwa wamepata dondoo kutoka kwenye kongosho za mbwa, baadaye za ng'ombe. Tarehe 11 Januari 1922 Leonard akachomwa sindano ya kwanza. Matokeo hafifu, na sehemu ya sindano ikafanya jipu. Mwenzao James Collip akarudi kuisafisha ile dawa. Tarehe 23 wakamchoma tena. Sukari kwenye mkojo ikapungua karibu kuisha, na siku zilizofuata mtoto akaanza kupata nguvu. Chakula ni kilekile. Hewa ni ileile. Kilichoongezwa ni amri. Leonard aliishi miaka mingine 13.

Sasa mnaposema "sukari imepanda", mjue maana yake: imepanda nje ya seli, na ndani kuna uhaba. Ndiyo maana mtu mwenye sukari nyingi analalamika amechoka. Wengi katika umri wetu tuna aina ya pili, ambayo insulini ipo lakini seli zimekuwa sugu kwa amri yake.

Na hapa nawapa habari njema ya wana-jogging. Msuli unaofanya kazi unazipandisha zile protini wenyewe, bila kungoja insulini. Kila mlipokuwa mnapanda kile kilima cha asubuhi, glukosi ilikuwa inaingia kwenye mapaja yenu kwa njia ambayo haiguswi na ule usugu. Na baada ya mbio, kwa saa nyingi, misuli inaendelea kuisikia insulini vizuri zaidi.

Lakini upande wa pili wa habari hiyo ni huu. Mwenzetu anayechoma insulini, au anayemeza baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, akikimbia, amri zinakuwa mbili kwa wakati mmoja. Glukosi inaweza kushuka chini mno, na wa kwanza kuumia ni ubongo: jasho la baridi, kutetemeka, kuongea ovyo kama mlevi. Ukimwona mwenzako hivyo njiani, usimcheke na usimwache. Kama anaweza kumeza, mpe soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari, au mpe glukosi ya unga kwenye maji. Kama hajitambui, usimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Na wewe mwenye dawa hizo, zungumza na daktari wako kuhusu mbio, beba kitu kitamu mfukoni, na mwambie anayekimbia pembeni yako. Usione haya.

Muuguzi wetu ameshapanga meza pale chini ya mwarobaini, kipimo ni tone moja la damu kidoleni. Kwa mtu ambaye hajala tangu jana usiku, 7.0 (kwa kipimo cha mmol/L) kwenda juu ni ya kwenda hospitali kupimwa tena kwa utulivu, maana mbio zenyewe zinaweza kuyumbisha namba kidogo. Chini ya hapo muulizeni yeye, atawaeleza. Nawaomba wale ambao hamjagusa chai wala chapati muanze nyinyi, na mzee wetu wa mapigo 96 atangulie.